Chumba cha Uani kule Al Twar

Nilikaa miaka miwili Al Twar, katika chumba kilichojengwa uani mwa villa ya Bi Mkubwa. Ndivyo sote tulivyomwita. Alikuwa Mzanzibari aliyekulia Dubai, mjane, na villa aliikodi nzima kutoka kwa arbab mmoja, Mwarabu mwenye nyumba. Chumba changu alikiongeza mwenyewe kwa nyuma: kuta za jipsam, jiko dogo, choo, na mlango wake wa kutokea uchochoroni. Nilipomuuliza kama kina kibali alinishika bega.

"Mwanangu, mimi nikuweke mahali pasipo halali?"

Nikaamini. Mimi mtu wa Mombasa, nilikuwa nashona kwenye duka la kurekebisha nguo Qusais, na baada ya kulala vyumba vya watu sita, kuwa na mlango wangu peke yangu kulinitosha.

Asubuhi moja nikiwa mapumzikoni alikuja mbio.

"Watu wa baladia, manispaa, wako kwa jirani, wanakagua nyumba. Toa jiko lako upesi, tulifiche stoo. Wakiuliza, wewe ni khadama wangu."

"Bi Mkubwa, mimi si khadama."

"Ni neno tu hilo! Villa ni ya familia moja, ila chumba cha mtumishi kinaruhusiwa. Wataka tufukuzwe sote?"

Nikabeba jiko. Nikajifunga kanga kiunoni. Wakaguzi wawili wakaingia sebuleni, watu wapole, nikawapelekea kahawa. Kidogo ikamwagika kwenye sinia. Bi Mkubwa akanipigia vidole mbele yao, akawaambia kwa Kiarabu, "Mniwie radhi, nimemtoa shamba juzi tu, hata kushika sinia hajui." Kiarabu changu ni cha dukani, lakini hayo niliyaelewa yote. Wakachungulia chumba, wakaondoka.

Alasiri nilimwendea. Nilitaka aniambie pole, basi. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Kwani kosa liko wapi? Ulivyo, si unafanana tu?"

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, na pale pale nikaamua kwamba huyu mama nitamtia adabu.

Dukani tulikuwa na mteja mmoja, mchoraji wa ramani za majengo, aliyeleta suruali za kupunguza. Nikamuuliza kama mtu asiye na haja. Akanieleza huku nikimpima: nyongeza yoyote yataka ramani iliyopitishwa, na ukiipa jiko lake na mlango wake, hicho si chumba cha mtumishi tena, ni nyumba ya pili kwenye kiwanja cha nyumba moja. Suruali zile nilizishona vizuri kuliko nguo yoyote mwaka ule.

Nikatafuta kwanza chumba Qusais, chenye mkataba wa jina langu. Nguo nikazihamisha kidogo kidogo. Kisha nikapiga simu.

Walirudi wale wale wawili. Bi Mkubwa akaanza, "Huyu khadama wangu..."

"Hapana," nikasema, kwa Kiarabu nilichokifanyia mazoezi wiki nzima. "Mimi ni mpangaji. Jiko langu lile pale. Mlango wangu huu, na ufunguo wake huu hapa."

Nilikuwa nikimtazama yeye, si wao. Midomo ilimkauka. Sijaonja kitu kitamu kama kile.

Lakini wakapanda na juu, wakakuta ukumbi umegawanywa kwa mbao, na mlinzi mmoja wa Kiganda anaishi humo. Alifungasha mabegi mawili.

"Ungeniambia, dada," akasema.

"Ningekuambia, ungemwambia."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Hilo hunichoma mpaka leo. Hilo tu.

Bi Mkubwa aliamriwa abomoe. Siku ya kubomoa niliomba ruhusa kazini, nikasimama ng'ambo ya barabara. Akaniona, akatoka getini.

"Umefurahi sasa?"

"Nimefurahi, Bi Mkubwa."

"Na mimi nilikuita mwanangu."

"Uliniita khadama."

Akaingia ndani. Nikabaki pale juani mpaka ukuta wa mwisho ukalala chini.

Arbab hakumpa mkataba mpya. Nasikia sasa anakaa fleti ya chumba kimoja Jumeirah Village Circle. Wenzangu wa pwani hunisihi nimsamehe, ni mtu mzima yule. Nawajibu inshallah, na moyoni najua kwamba bado.