Meza ya Treni ya Chebet

Chebet alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa katika hospitali moja mjini Doha. Kazi yake ilikuwa kumpa daktari drili, skrubu na vibati vya chuma kabla hata daktari hajavitaja. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na ilikuwa imemjengea imani moja isiyotikisika: kitu chochote kinachoyumba kinaweza kushikwa kikasimama, mradi anayekishika anajua anachofanya. Kwa hiyo aliponunua seti ya treni ndogo za umeme kutoka kwa familia ya Waingereza waliokuwa wakifungasha kurudi kwao, hakuwa na wasiwasi wowote. Mwenye wasiwasi alikuwa mumewe.

"Mama Tiffany, hivi ni vitu vya watoto," Douglas alisema, akiinua kichwa cha treni kilichomtosha kiganjani. "Na mtoto tuliye naye yuko chuo Eldoret."

"Si vya Tiffany. Ni vyangu."

Douglas alikuwa msimamizi wa walinzi katika hoteli moja ya West Bay, mtu wa Butere, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Alitazama maboksi yaliyojaa sebuleni kwao Al Wukair, akamtazama mkewe, akaona uso ule anaouvaa akiwa keshaamua. Akaenda kuchemsha chai.

Chebet alikulia Kipkelion, katika nyumba za reli, mahali ambapo treni zilishuka kutoka Mau zikivuka madaraja marefu kuelekea Fort Ternan na Muhoroni. Baba yake alikuwa mtu wa gengi, wale waliotembea juu ya reli kutwa nzima wakikaza mataruma na kushindilia kokoto. Watoto wengine walihesabu mabehewa. Chebet alipenda kusimama pembeni asikie ardhi inavyonguruma chini ya nyayo zake kabla treni haijaonekana. Sasa, akiwa mtu mzima mwenye mshahara wake na chumba cha wageni kisicho na wageni, alitaka kuutengeneza mteremko ule wa Kipkelion, na milima yake na madaraja yake, ndani ya nyumba.

Alianza kwa kupanga reli juu ya meza ya kulia chakula, akaiongezea meza mbili za kukunja. Treni ilizunguka vizuri mpaka Douglas alipoweka kikombe. Meza ikatikisika kidogo tu, lakini pale meza moja ilipokutana na nyingine reli ikaachana, kichwa cha treni kikaruka kikatua kwenye vigae. Ndoano ya mbele ikavunjika.

"Pole," Douglas alisema.

"Si wewe. Hizi meza si za kazi hii. Nitajenga yangu."

Meza ya kwanza aliijenga haraka, kwa mbao nyembamba alizozipata dukani karibu na nyumbani, misumari, na ubao mmoja mpana wa plaiwudi alioubandika juu kwa gundi kila upande. Ilipendeza. Aliipaka rangi ya kijani, akatandika reli, na Ijumaa moja akampigia baba yake simu ya video. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba, kofia kichwani, akaisogeza simu karibu na jicho.

"Ni nzuri," alisema kwa Kikipsigis. "Nionyeshe chini."

"Chini hakuna kitu, Baba. Treni iko juu."

"Nionyeshe chini."

Chebet akainama, akaipitisha simu katikati ya miguu ya meza.

"Juu umejenga reli," mzee akasema. "Chini umejenga banda la kuku."

Chebet alicheka kwa heshima, lakini maneno yale yalimkaa kichwani. Alimweleza Douglas kwamba wazee huwa hawaridhiki na lolote, na Douglas, ambaye alikuwa ameona ile miguu, alimmiminia chai kama mtu mwenye busara.

Mwezi wa nane wakaenda likizo nyumbani. Siku ya kuondoka Al Wukair Douglas alikuwa wa mwisho kutoka, akazima umeme wote pamoja na kiyoyozi, akafunga mlango. Kwa mwezi mzima joto la Doha na unyevu wake unaoganda kwenye vioo vikakaa mle ndani peke yao. Waliporudi, kabla hata ya kufungua mabegi, Chebet alikwenda kuona meza yake. Plaiwudi ilikuwa imebenuka katikati kama mkate uliovimba ndani ya oveni. Mguu mmoja ulikuwa umeinuka, haugusi sakafu. Aliwasha umeme, akaweka treni. Ikapanda ule mlima mpya ambao hakuna aliyeupanga, ikafika nusu, ikarudi kinyumenyume, ikalala ubavu.

Douglas alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi nilizima AC," alisema. "Sikufikiri."

Chebet aliizunguka meza. Alijisikia vibaya, hilo hakulificha. Kazi ya wiki nyingi ilikuwa imeharibika bila mtu kuigusa. Lakini alipoinama na kutazama chini, aliona yale yale ambayo mzee aliyaona. Hakukuwa na mbao za kuukamata ubao katikati. Gundi ilikuwa imeubana pembeni, ubao ulipotaka kutanuka ukakosa pa kwenda isipokuwa juu. Misumari ilikuwa imelegea matunduni.

"Ulizima vizuri tu," akamwambia mumewe. "Meza inayohitaji AC ndiyo isimame, hiyo si meza. Nisaidie kuibomoa."

Jumamosi iliyofuata alimpigia Faridah. Faridah alikuwa Mganda wa Jinja, dereva wa gari la kusambaza maua, rafiki yake tangu walipokutana kwenye foleni ya vipimo vya afya walipokuwa wageni wote wawili. Bosi wake alimruhusu kutumia gari siku za mapumziko. Wakaenda pamoja Sanaiya, kule kwenye maghala na karakana, hadi kwa Mpakistani mmoja muuza mbao.

"Sista, hii zein, nzuri sana," muuzaji alisema, akipiga ubao kwa kiganja. "Mafi mushkila, hakuna shida."

Chebet aliuinua upande mmoja, akafumba jicho, akautazama kwa urefu kama mtu anayelenga. "Hii imepinda. Lete nyingine."

"Zote sawa, sista."

"Basi nitazitazama zote."

Na alizitazama. Faridah alikaa juu ya tairi kuukuu akila karanga. Kufikia ubao wa nne muuzaji aliacha kubisha, akaanza yeye mwenyewe kufumba jicho na kuutazama kila ubao kabla ya kumpa. Walipomaliza, alimwita kijana wake wa msumeno akamwagiza azikate taratibu, na akawapa chai.

"Dada, wewe unanunua mbao au unaposa?" Faridah aliuliza walipokuwa wakifunga mzigo kwa kamba.

"Nitaishi nazo muda mrefu. Lazima nizijue."

Safari hii Chebet hakuanza na ubao wa juu. Alianza chini. Alichukua mbao mbili nene na ndefu, akaziunganisha kwa vipande vya kukingama, mpaka umbo lote likawa kama ngazi iliyolazwa. Kabla ya kila skrubu alitoboa kwanza kitundu chembamba, kwa kuwa alikuwa amejionea mara nyingi kazini kwamba skrubu ikilazimishwa hupasua, uwe mfupa au ubao. Miguu aliifunga kwa bolti ndani ya pembe, akaitia mbao za mshazari ili isipate nafasi ya kuyumba kushoto wala kulia. Chini ya kila mguu aliweka bolti ya kuzungusha, maana vigae vya nyumba ya kupanga havijawahi kuwa sawa, na kwa hiyo angeweza kupandisha upande huu au kushusha ule mpaka pima maji ikubali.

Kila kipande cha kukingama alikitoboa tundu la kupitishia nyaya kabla hakijafungwa. Upana wa meza aliupima kwa mkono wake mwenyewe: alisimama, akanyoosha mkono, akasema hapa ndipo mwisho, kwa sababu treni ikiangukia mahali mkono haufiki itabidi mtu apande juu ya milima. Na meza nzima aliigawa nusu mbili za kuunganishwa kwa bolti, ili ipite mlangoni siku watakapohama.

Haris, yaani mlinzi wa jengo, alipanda mara moja kuuliza kelele ni za nini. Alipoona mama wa Kiafrika amevaa miwani ya kukinga macho, ameshika drili, na mumewe amekaa juu ya ubao kuuzuia usicheze, alisema tu wamalize kabla ya alasiri, akashuka.

Plaiwudi ya juu, ambayo mara hii ilikuwa nene, aliipaka vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, akaiacha ikauke, akaipaka tena. Kisha akaifunga kwa skrubu kutokea chini, bila gundi hata tone. Kabla ya kuiweka alikuwa amempigia mzee picha na kumtumia: ngazi, miguu, mishazari, bolti. Jibu lilikuja kwa sauti, fupi. "Hapo sasa unaweza kupitisha treni."

Aliisikiliza sauti ile mara mbili, akaweka simu mfukoni na kuendelea kukaza.

Ilipokwisha, alimwita Faridah aje aione. Faridah aliigonga kwa ngumi, akaisukuma kwa nyonga, haikusogea.

"Baba Tiffany, panda," Chebet alisema.

Douglas akacheka. "Mimi? Unajua kilo zangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita wewe."

"Nikiivunja?"

"Hutaivunja."

Alivyolisema hilo hakukuwa na kusihi wala kujigamba. Alilisema kama anavyomwambia mgonjwa kwamba atatembea. Douglas alivua viatu. Aliweka goti moja, akasikiliza, akaweka la pili. Kisha akasimama wima katikati, kichwa karibu na taa, mikono imetanuliwa kama mtu aliye juu ya kamba. Hakuna kilicholia.

"Banange," Faridah alishangaa kwa Kiganda, akapanda naye akaketi ukingoni. Chebet akapanda pia. Wakakaa wote watatu juu ya meza, miguu ikining'inia, wakanywa chai na mandazi na kuzungumza habari za watu wa kwao, hadi Faridah alipokumbuka gari linatakiwa kurudi.

Mwaka uliofuata, walipoondoka likizo, Chebet mwenyewe ndiye aliyezima kiyoyozi. Douglas alimuuliza kama ana uhakika, akasema anao. Waliporudi aliweka pima maji pembe moja, akaiweka ya pili, akaiweka katikati. Kiputo kilitulia mahali pake kila mara. Ndipo akatandika reli, akaunganisha nyaya, akaanza milima. Alijenga mifupa yake kwa wavu wa waya, akaifunika kwa bandeji za plasta, zile zile za kufungia miguu iliyovunjika, alizozinunua duka la dawa. Katika hizo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Ijumaa moja asubuhi Douglas aliingia na ndala, akasimama akitazama treni ikishuka polepole kutoka Mau, ikivuka daraja la vijiti, ikipita kijumba chekundu cha Kipkelion.

"Inaishia wapi?" aliuliza.

"Muhoroni. Pale pembeni."

"Na Kisumu?"

"Meza imeisha."

Douglas aliizunguka meza pole pole. Alifika kwenye ukingo wa Muhoroni, akatazama nafasi tupu kati ya hapo na dirisha.

"Kutoka Kisumu kuna reli inayokwenda Butere," alisema. "Stesheni yetu ilikuwa na mti mkubwa wa mvule. Mama alikuwa akiuza ndizi pale."

"Hujawahi kuniambia."

"Hukuwahi kuwa na meza."

Chebet alizima treni. Alichukua tepu ya kupimia kutoka rafuni, akampa mumewe upande mmoja, akarudi nyuma kuelekea dirishani.

"Shikilia hapo Muhoroni," akasema, "na usilegeze."