Vitufe Vilivyogoma Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasulu, nilifika mapema mno nikakuta ofisi bado imefungwa. Nilikuwa binti wa Lindi, baridi siijui, nimevaa gauni la mikono mifupi kama mtu anayekwenda harusini. Karani Mkuu alipofika hakunipa hata pole ya safari. Alifungua chumba cha uchapaji, akavuta kitambaa cha kaki kilichofunika taipureta, akaniambia, "Ndugu mpiga chapa, hii ni mali ya serikali. Kitufe kikigoma, mshitakiwa wa kwanza ni wewe. Utajitetea baadaye." Tangu hapo nikawa naiogopa mashine ile kuliko nilivyomwogopa yeye, na yeye nilimwogopa sana.

Ninyi wa kompyuta kitufe kikigoma mnanunua kibodi nyingine. Sisi tulitibu. Karani Mkuu alinifundisha kwa ukali, lakini alinifundisha. Ukibonyeza kitufe na ule mkono wa chuma wenye herufi usinyanyuke kabisa, pindua mashine utazame kiwaya kinachouunganisha na kitufe. Mara nyingi kimechomoka. Mkono ukipiga lakini karatasi ikabaki nyeupe, laumu utepe wa wino. Ukinyanyuka kivivu, au ukakwama njiani bila kurudi, ni uchafu: vumbi jekundu na makombo ya raba yamegandamana kule chini mikono yote inakokutana. Hapo unasugua kwa mswaki na petroli, unakausha, kisha unatia tone la mafuta ya cherehani. "Tone," alisisitiza. "Hukaangi samaki."

Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa Kibondo. Mkuu wangu huko alikuwa Afisa Utawala, mtu wa sauti ya chini. Akikuita chumbani kwake ulilazimika kuinama ili umsikie. Tarishi wa ofisi aliitwa Mzee Nahimana. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi na mkewe wakikimbia mauaji, na ndugu zake wawili hawakuvuka. Yeye ndiye aliyefungua ofisi alfajiri, akafagia, akapeleka barua. Kila asubuhi alinisalimu kwa Kirundi, "Bwakeye, mama," ingawa umri wangu ulikuwa wa binti yake.

Miaka ile vitu viliadimika. Mafuta ya cherehani niliyatafuta duka kwa duka hadi nikachoka, na vitufe vilishaanza kulia kama mlango mbovu. Jumamosi moja, jua likiwa utosini, nikachukua unyoya wa kuku, nikauchovya katika mawese niliyotoka nayo jikoni kwangu, nikapaka kule chini mikono inakokutana. Mashine ikalainika ajabu. Nikajiona fundi. Sikumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi vitufe vinane havikuitika. Nikibonyeza, mikono inanyanyuka kidogo na kusimama. Nilikagua viwaya, vizima. Utepe, mzima. Gari la barua la kwenda Kigoma likaondoka bila barua zetu. Ilipofika saa saba, mashine ikaanza kufanya kazi yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Jumanne ikawa vilevile. Nilikosa usingizi. Wapo waliosema ofisi imetupiwa kitu, na mimi nilikuwa karibu kuamini.

Jumatano Afisa Utawala alikuja mwenyewe, akabonyeza kitufe kimoja kimoja kwa kidole chake.

"Jana mchana ilifanya kazi?"

"Ilifanya, Ndugu Afisa."

"Na asubuhi imegoma. Nani huingia humu kabla yako?"

Jibu alilijua. Alitaka litoke kinywani mwangu, na mimi kwa woga nikalitoa. "Mzee Nahimana."

"Hii ni hujuma," akasema kwa sauti yake ile ya chini.

Mzee aliitwa. Alisimama mlangoni na ufagio wake. "Mana yanje! Mungu wangu! Bwana mkubwa, mimi nafagia tu. Hiyo mashine hata kuigusa naogopa." Akaambiwa akae nyumbani asubiri polisi. Hakuna aliyetamka lililobaki, ila sote tulilijua: mkimbizi akipatikana na hujuma anarudishwa alikotoka, na kwake yeye kurudi ilikuwa kufa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa jikoni, nimeiweka chupa ya mawese kando ya jiko ili iyeyuke. Nilifanya hivyo kila asubuhi ya kipupwe bila kufikiri. Safari hii nikaitazama. Imeganda, ngumu, nzito. Nikakaa chini sakafuni. Mchana bati la ofisi linachoma, mawese yanayeyuka. Usiku baridi inayagandisha ndani ya mashine. Mhujumu alikuwa mimi.

Mnadhani nilikimbia kwenda kusema? Niliogopa. Mama yangu Lindi alikula kwa mshahara wangu. Nikajidanganya kwamba mashine ikipona, kesi itakufa yenyewe. Asubuhi ile sikuigusa mashine, nikajisingizia kupanga majalada; wenzangu walipokwenda kula nikajifungia, nikasugua kwa petroli mpaka vidole vikababuka. Ijumaa asubuhi vitufe vyote vikaitika. Afisa Utawala akaja, akajaribu, akatabasamu. "Umeona? Siku mbili tu hayupo, mashine imepona. Ushahidi gani tena tunataka?"

Woga wangu ulikuwa umemfunga kamba yule mzee. Nilikaa hadi alasiri bila kuchapa neno, kisha nikabisha mlango wa Afisa na kusema yote, nikilia, hata ule unyoya nikautaja.

"Barua ya polisi nimeshaisaini," alisema. "Inaondoka kesho. Nenda kachape nyingine. Eleza ulichofanya, kwa jina lako kamili."

Nikaenda nikachapa mashitaka yangu mwenyewe kwa mashine ileile. Niliomba kitufe kimoja tu kigome, nipate kisingizio cha kusimama. Hakuna kilichogoma.

Nilipewa onyo kali, na cheo nikakisubiri miaka mingi. Sasa nimestaafu, nalima mahindi Makere, na wajukuu wakinisikia nikisimulia huniita jasiri. Nawakatalia. Mtu jasiri angesema Jumatano.

Mzee Nahimana alirudi kazini Jumatatu, akanishika mikono yote miwili akinishukuru, "Murakoze, murakoze," mpaka nikatafuta pa kuficha uso. Nilikaa Kibondo miaka miwili zaidi. Kila asubuhi nilimkuta nje, ameshafagia vyumba vingine vyote, amesimama kando ya mlango wangu anatetemeka kwa baridi, akinisubiri niingie kwanza, asije akaonekana mle ndani peke yake.