Hatua Kumi na Mbili za Mwisho

Kupiga mpira wa gofu mbali naweza. Kinachonishinda ni zile hatua kumi na mbili za mwisho, mpira ukiwa umelala pembeni ya grini, kile kiwanja kidogo cha nyasi fupi chenye shimo. Na nyasi zile nazikata mimi mwenyewe, ndiyo kazi yangu hapa kwenye shamba la chai, Mufindi. Najua zinalalia wapi. Lakini nikishika fimbo, mkono unakuwa wa mtu mwingine.

Wafanyakazi tunaruhusiwa kucheza Jumatatu. Mwaka huu ilitakiwa timu ya watu wanne kwenda kushindana Mbeya. Watatu walishapatikana. Nafasi ya nne tukabaki wawili, mimi na rafiki yangu anayechochea boila kiwandani. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kuchaguliwa kwenda popote kwa kitu ninachokipenda. Niliitaka nafasi ile, nisidanganye.

Mwezi mzima nilifanya mazoezi nyumbani, naurusha mpira uingie kwenye beseni katikati ya matuta ya maharage.

"Baba," mke wangu akasema, "ungekuwa unalenga hivyo chooni, mbona tungeshukuru."

Kweli nililipatia. Ila beseni lina kingo, mpira ukiingia haukimbii. Hilo sikuliwaza mapema.

Siku yenyewe ya kuishindania nafasi, tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa. Mwenzangu akamaliza kwa mapigo sita, na kwenye gofu mwenye machache ndiye anayeshinda. Mimi nilikuwa nimepiga matatu, mpira uko pembeni palepale. Kuusogeza karibu, kuutumbukiza, basi, Mbeya.

Nikaweka fimbo nyuma ya mpira. Nyasi zilikuwa zimelowa ukungu. Mpira ukashuka, kama upana wa kidole. Nadhani niliugusa. Kanuni inasema uurudishe, ujiongezee pigo moja.

"Umesogea," nikasema.

"Nani kauona?" rafiki yangu akacheka. "Mimi nipo hapa na macho yangu mawili. Piga bwana, baridi hii!"

"Nimeuona mimi."

"Haya, mzee wa kanisa. Jihukumu."

Kusema haki, alitaka nipige. Hakutaka kushinda kwa njia ile.

Nikaurudisha, nikapiga. Mpira ukavuka grini yote, ukatokea ng'ambo. Nikapiga tena, ukaja nusu ya njia. Mapigo mawili mengine ndipo ukaingia. Jumla nane. Ukiondoa lile la kujihukumu, saba. Bado ningeshindwa.

Wenzetu waliposikia, wakanisifu. Msimamizi akanishika mkono mbele ya watu, akasema wakweli wamebaki wachache. Sikujua niangalie wapi. Kwa sababu ninachokumbuka, na nimekiandika hivyohivyo kwenye daftari langu, ni kwamba mpira uliposogea nilipata nafuu. Kabla hata sijaiwaza kanuni. Nilikuwa nimepewa sababu ya kushindwa kabla ya kupiga. Sasa sijui nilisema kwa ukweli au kwa woga. Niliishia darasa la saba, labda aliyesoma angeweza kuvitenganisha. Nilimuuliza mke wangu. "Si ulisema kweli?" akanijibu. "Basi." Hakukosea, lakini sikupona.

Alhamisi gari lilikuja kuwachukua. Nikampakilia rafiki yangu mfuko wa fimbo. Akanivuta kando.

"Kaka, niambie basi. Nikiwa pembeni ya grini nafanyaje? Nyasi unazijua wewe."

Nikamwambia asiurushe juu. Uzito auweke kwenye mguu wa kushoto, mikono iutangulie mpira kidogo, achague pa kuuangusha, kisha auache ukimbie wenyewe kama chungwa kwenye mkeka. "Na fimbo ikishaanza kushuka, usiionee huruma. Iache ishuke."

"Sasa mbona wewe hufanyi hivyo?"

Nikasema sijui.

Akachomoa fimbo moja, akajaribu palepale kwenye changarawe, bila mpira, mara moja tu. Ilishuka vizuri kabisa. Wenzake wakapiga honi, akapanda.