Gari Lisilojua Kurudi Nyuma

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitikia kwa kichwa. Mbelgiji aliyeniuzia gari (alikuwa mwalimu, mkataba wake umekwisha, anarudi kwao na haraka zake zote) alisimama kando ya mlango akanieleza mambo ya gari lile kwa Kifaransa cha mbio, na mimi ambaye Kifaransa changu nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti yanayofungiwa vitambaa, nilishika maneno ya mafuta, nikashika ya maji, nikashika ya paa la turubai linavyokunjwa, lakini alipofika kwenye gia akaongea, akacheka kidogo, akaongea tena, sikushika kitu. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia. Aibu iliyotoka hapo bado inanichoma masikio, lakini heri jambo hili mlisikie kwangu kuliko mlisikie kwa watu wa Bugesera, maana wao kila mwaka wanaliongezea chumvi.

Mnanijua nilivyo. Mimi ni fundi cherehani wa Rwezamenyo, hapa Kigali, ambaye hufumua mshono hata ule wa ndani ya mfuko, ambao mteja hatauona mpaka afe, na nikijua kifungo kimoja kimekaa upande silali. Kushona nilijifundisha, kusoma nilijifundisha, na kuendesha nilijifundisha kwenye pikapu ya rafiki yangu muuza mkaa, mpaka nikapata leseni. Miaka yote niliyoshona sare za shule iliishia kwenye lile gari. Lilikuwa dogo, la manjano kama kiini cha yai, pua ndefu, viti viwili tu, na limekaa chini kiasi kwamba ukipita juu ya kokoto unaijua ina umbo gani.

Jioni ile ile niligundua kwamba sijui kulirudisha nyuma. Kwenye pikapu gia ya nyuma ilikuwa mahali pake, huitafuti. Humu niliitafuta kushoto, kulia, juu, chini, na kila nilipokaribia, gari lilitoa sauti ya mtu anayetafuna changarawe, nikaacha upesi nisije nikaliua. Kichwa cha mkono wa gia kilikuwa kimesuguliwa na miaka, hakina hata alama moja. Ningeweza kumwuliza fundi wa gereji, lakini gereji ziko mtaani kwetu, na nilijua kabla ya magharibi Rwezamenyo yote ingekuwa inasema Haruna amenunua gari nusu.

Kilichoniokoa ni Kigali yenyewe. Mji wetu hauna mahali palipolala. Ukilisimamisha gari pua ikitazama juu ya kilima, basi wakati wa kuondoka unakanyaga klachi, unaachia breki ya mkono, na gari linarudi nyuma lenyewe kwa heshima, wewe umeshika usukani na uso wa mtu anayejua anachofanya. Nikawa hodari. Kila nilikokwenda nilichagua mteremko kwanza, halafu ndipo shughuli. (Kuna mteja nilimwacha kabisa kwa sababu nyumba yake ilijengwa kwenye uwanja sawa.) Mara moja tu, njia ya Kagugu iliniishia ndani ya shamba la mtama, nikakaa pale nikisalimia wakulima kama niliyekuja kutazama mavuno, mpaka nikaona pa kuteremkia.

Na furaha, jamani, furaha niliipata. Hicho kilikuwa kiangazi cha mwaka 1990, vita havijaanza, barabara ziko wazi. Jumapili asubuhi nilikuwa nakunja paa na kutoka kuelekea Masaka, ukungu bado umelala mabondeni, na lile gari lilikuwa linaingia kwenye kona kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano, unaligusa tu linageuka, unapandisha kilima kwa gia ya pili likinguruma, ukifika juu unatia ya tatu na linanyamaza, upepo wote unakuwa wako. Watu waliosimama mashambani walikuwa wananipungia mkono. Mimi ambaye siku nzima nahesabu mishono, pale nilikuwa sihesabu chochote, naimba kwa sauti mbaya na hakuna wa kunikosoa.

Sasa, nilikuwa nataka kumwoa Zaituni. Zaituni alilelewa na shangazi yake, Shangazi Mwamini, mama mwenye mwili wa kutosha na ulimi wa kuzidi, na mtaani ilijulikana kwamba Shangazi akisema hapana, hata baba mzazi anasema hapana. Kuhusu mimi alikuwa hajasema lolote. Kila nikimpelekea nguo niliyomshonea, anaigeuza ndani nje, anatafuta kosa, hapati, ananitazama kama aliyeibiwa.

Ndipo mtoto wa kaka yake, huko Bugesera, akawa anaoa. Zaituni na wasichana wenzake walitangulia kwenda kupika. Shangazi akanitumia ujumbe kwamba anasikia nina gari la kwenda mbio, na yeye hajapata kukaa ndani ya gari la kwenda mbio, kwa hiyo mimi ndiye nitakayempeleka. Nilijua hii si safari, ni mtihani. Niliosha gari, nikapaka nta, nikapiga pasi shati, nikarudia kuipiga. Ambalo sikulifikiria, mimi mtoto wa vilima, ni kwamba Bugesera ni tambarare.

Tulivuka mto Nyabarongo, mafunjo yakabaki nyuma, na barabara ya vumbi ikanyooka mbele yetu mpaka upeo wa macho. Shangazi tangu nyumbani alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili akisoma dua. Akauliza kama hii ndiyo mbio yenyewe. Nikamwambia naenda polepole kwa ajili ya heshima yake.

"Heshima utaniletea kwenye sahani ya pilau," akasema. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Mkia wa vumbi jekundu ukasimama nyuma yetu kama moshi wa tanuru la matofali, mbuzi wakatimka, mtandio wa Shangazi ukafumuka ukapeperuka, na mama yule ambaye mtaa mzima unamwogopa akatupa kichwa nyuma akacheka kama msichana, akaniomba tena, nikampa tena. Nilijisemea moyoni: Haruna, mke umepata. Laiti tungegeuza pale pale.

Nyumba ya harusi ilikuwa na uwanja mkubwa mbele, wageni wamejaa, ndoa imekwisha kufungwa, wanasubiri chakula. Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, na njia ya kulifikia ilikuwa uchochoro mmoja, ukuta wa nyumba huku, ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu, kule. Nikataka kusimama uwanjani. Shangazi akasema jikoni kumejaa mawifi zake, na hakuja mbali namna hii ili afike kwao kwa miguu. Nimpeleke mpaka jikoni. Niliutazama ule uchochoro. Nikatazama ardhi, imelala kama meza ya kukatia nguo. Neno moja tu lilitakiwa, na neno lenyewe fupi. Nikaingia.

Gari lilipita kama kidole ndani ya pete, na pua ikatokea jikoni mbele ya masufuria ya pilau. Wanawake wakapiga vigelegele. Zaituni alikuwepo, kisu mkononi, anamenya ndizi, akatabasamu. Kisha mpishi mkuu, Mzee Ramadhani, akaja akifuta mikono, akasema karibuni, harusi imependeza, sasa nirudishe gari nyuma kwa sababu masufuria yanapita hapa na hayana njia nyingine.

Nikamwambia injini imechemka, iachwe ipoe.

Akasema sawa, vijana watasukuma. Hapo, wallahi, ndipo Mungu aliponifungulia mlango, ningesema tu asante, sukumeni. Lakini mimi hata uongo siwezi kuuacha na uzi unaoning'inia. Niliogopa wakilisukuma bila shida mtu atauliza mbona mwenyewe halirudishi likiwa limepoa, basi nikaeleza kwa kirefu kwamba magari ya mbio si kama pikapu, magurudumu yake yamefungamana na injini, likiwa la moto hayageuzwi hata nusu duru, ukilazimisha linapasuka. Nilieleza vizuri sana. Wazee wawili waliitikia kwa vichwa.

Tukasubiri lipoe. Pilau nayo ikapoa. Milango ya gari ilikuwa haifunguki kwa ubano wa ukuta na ua, hivyo Shangazi alikuwa amekaa mbele ya mawifi zake kama bidhaa dirishani, nao wakaanza kumwuliza kama siku hizi ameanza kazi ya utingo. Kutoka uwanjani zilikuja habari kwamba shekhe ameuliza chakula, halafu kwamba ameuliza tena, halafu kwamba baba wa bibi harusi anauliza kama hii ndiyo desturi ya upande wa bwana harusi, kuwaonyesha watu harufu. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini kama gari litapona. Nikasema karibu. Akanitazama muda mrefu.

Ndipo kijana mmoja, mrefu, kaka wa bwana harusi, akasema kama magurudumu hayaruhusiwi kuzunguka, basi yasizunguke.

"Mgonjwa asiyeweza kutembea anafanywaje?" akauliza. "Anabebwa."

Wakang'oa miti miwili mirefu ya mikaratusi iliyoshikilia turubai la wageni, wakaipenyeza chini ya gari kutoka pua mpaka mkia, wanaume wakajipanga mbele na nyuma, mabega chini ya miti, kabisa kama ingobyi, ile machela ambayo vijijini kwetu hubebea wagonjwa kuwapeleka hospitali. Nikamwomba Shangazi tumsaidie kutoka kwa juu kwanza. Akasema yeye hatoki mbele ya watu kwa kupandishwa kama gunia, aliingia amekaa na atatoka amekaa. Na mimi je? Mimi nilibaki nimeshika usukani. Sijui kwa nini niliushika.

Tukapaa. Tulirudi kinyumenyume kwenye ule uchochoro, wabebaji wakihema, na wanaobeba mgonjwa huimba, kwa hiyo wakaimba. Tulipotokea uwanjani, wapiga dufu wakadhani ni sehemu ya sherehe wakaingia na wao, wageni wakasimama juu ya viti, bibi harusi akasahau kuinamisha uso, na shekhe alikuwa na kikombe cha chai njiani kwenda mdomoni, kikabaki njiani. Shangazi aliona hakuna jinsi, akaanza kupunga mkono pande zote. Nyuma yetu masufuria yalikuwa yanapita kwa maandamano.

Wakatuweka chini, wakachomoa miti. Shangazi akataka kuinuka, akatafuta pa kujiegemeza, akauweka mkono wake wote, na uzito wake wote, juu ya mkono wa gia. Ukazama. Ulizama chini kama kitufe, na kwa kuwa yeye alikuwa anajisukuma kuelekea mlangoni, ukasukumika kuja upande wangu, ukaingia nyuma mahali ambapo sijawahi kufika. Kumbe ndicho alichokieleza Mbelgiji: unabonyeza kwanza. Sikufikiri. Nilikanyaga klachi, nikawasha, nikaachia taratibu, na gari likarudi nyuma, laini, kimya, kama hariri.

Dufu zikanyamaza. Mzee Ramadhani akaweka sufuria chini.

"Kumbe linarudi?" akasema. "Sasa sisi tumebeba nini?"

Watu wote wakanigeukia. Na mimi tayari nilikuwa na jibu, zuri, limepindwa pindo, kwamba ule upepo wa kubebwa umeipoza injini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shangazi hakunitazama, alikuwa anafunga mtandio wake.

"Haruna," akasema polepole, nisikie mimi tu. "Ukisema limepoa, ndoa ya Zaituni utaisikia redioni."

Nikasimama juu ya kiti cha gari, na shati langu lisilo na mkunjo, nikasema sijui kulirudisha nyuma. Nikasema tangu nilinunue sijawahi. Hata injini haikuchemka.

Kisha yule kijana mrefu, bega lake bado limepakaa gome la mti, akauliza, kwa kweli alitaka kujua, mjini naishije. Nikamweleza habari ya vilima, jinsi ninavyochagua mteremko kabla ya mteja. Bwana harusi ndiye aliyeanza, akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka, shekhe akaweka kikombe chini ili acheke vizuri, na baada ya hapo sikuweza kutofautisha nani anacheka na nani analia. Zaituni alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nilikula pilau yangu imepoa, na kila aliyepita nyuma yangu aliniuliza kama chakula kinashuka au kinahitaji kubebwa.

Kurudi, Shangazi hakuniambia nikanyage. Tukauvuka mto na kuanza kupanda Gahanga, jua linazama, nami nimeshajizika.

"Nilikuwa nimekuja kukukataa," akasema. "Nguo zako hazina kosa, gari halina kosa, shati halina kosa. Nikajiuliza mtoto wangu ataishije na mtu asiyeweza kusema nimekosa." Akaufunga upya mtandio wake. "Ijumaa mlete baba yako."

Nilimwoa Zaituni. Mishono bado naifumua, hilo halikupona, lakini siku hizi mtu akinieleza jambo nisilolielewa namwambia sikuelewa, nieleze tena, na nasema mapema.