Tai Iliyoniponza Gilgil

Nilisomea mambo ya fedha nikiota meza na kompyuta. Kazi niliyopata ni kuzunguka Gilgil nikiuza bima ya mazishi, na wiki ikiisha bila mteja, kazi nayo imeisha.

Jumamosi iliyopita nikaona hema kwa boma fulani, watu wamependeza. Nikajua hiki ni chama cha kuweka akiba, wateja tele. Kufika na tai yangu shingoni, mzee mmoja akanishika mkono. "Karibu, tumewangoja tangu asubuhi. Wengine wako wapi?"

"Leo nimekuja peke yangu, mzee."

Nikapewa uji na kiti cha mbele. Tangu nianze hii kazi hakuna mtu alikuwa amenipa hata kiti, kwa hivyo machozi yalinilengalenga.

"Haya, sema mnataka nini kwetu," mzee akasema.

"Tunataka familia yote."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akacheka, akanionyesha msichana aliyejifunika leso. "Anza na mmoja. Huyu mtamtunza vipi?"

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Akifa hata kesho, jeneza ni letu."

Mzee akaninyang'anya kikombe cha uji. Ndipo tukasikia, huko nje ya geti, watu wa kuleta mahari wakiimba wafunguliwe.