Kilichoguswa Kimechaguliwa

Shangazi alikuwa amepanga kurasa kwenye kompyuta miaka kumi na tisa katika duka lile la uchapaji. Wote walimwita hivyo, hata bosi, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake. Mkono wake ulikuwa na mazoea. Akitaka kuondoa pambo lenye vipande vingi, hakuhangaika kubonyeza kimoja kimoja. Aliburuta kipanya, akalizungushia kiboksi, akafuta, basi. Katika programu yake ya zamani, kiboksi kilichagua kile tu kilichomezwa kizima. Kilichoguswa pembeni kilibaki salama salimini.

Sasa sikia bosi alichofanya. Jumamosi, Shangazi akiwa kwake anafua, kamwondolea programu ile na kumwekea nyingine. Jumatatu akamwambia, "Zinafanana tu, Shangazi, utazoea." Zinafanana wapi? Hiyo mpya, kiboksi kikigusa kitu hata ncha, kimekichagua. Mtu anakubadilishia kisu mkononi huku unakata, halafu anakwenda zake kunywa chai.

Siku hiyohiyo ikaja kazi ya haraka, karatasi ya mazishi ya mzee mmoja, picha yake juu, majina ya watoto wake chini. Jina la saba lililetwa baadaye kwa simu, Shangazi akaliandika peke yake, karibu na pambo la maua. Simu ikalia tena, familia haitaki maua. Akachora kiboksi, akafuta. Maua yakaenda, na jina la saba likaenda nayo. Kukagua majina kabla ya kuchapa ni kazi ya bosi. Alitia sahihi bila kusoma, simu sikioni, anacheka na rafiki yake.

Jumatano akaingia mwanamke wa makamo, macho yamevimba, karatasi mkononi. Ndiye yule wa saba, binti wa mke wa kwanza.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Ndugu yangu yupi aliagiza nitolewe?"

Bosi hakupepesa hata jicho. "Sisi tunachapa tunacholetewa, dada. Mambo ya familia hatuyajui."

Shangazi angeweza kunyamaza, kwa uongo ule hata yeye alikuwa amesalimika. Lakini mtu mzima na akili zake, kuwagombanisha watoto wa marehemu ili duka lake lisiaibike? Akavuta kiti.

"Kaa hapa, dada yangu. Aliyekufuta ni mimi."

"Shangazi," bosi akaanza.

"Wewe nyamaza. Umeshasema yako."

Akafungua ukurasa uleule kama ulivyokuwa kabla, maua na majina yote saba. Akaburuta kiboksi polepole kuyazunguka maua. Ukingo wake ukagusa herufi ya mwisho ya jina, jina lote likawaka pamoja na maua. Akafuta. Yule mwanamke akaangalia pale palipobaki peupe.

"Hakuna aliyeagiza," Shangazi akasema. "Tena jina lako alilileta kaka yako mkubwa. Alinitajia herufi moja moja, akanifanya nilirudie mara mbili, akasema nisije nikakukosea."

Bosi akajikohoza, akasema watachapa nyingine leo hii hii, mia mbili, bure kabisa.

"Umpe nani?" Shangazi akamgeukia. "Waliozika wamesharudi makwao."

"Jana makaburini," mwanamke akasema taratibu, "nilimwambia kaka asinijue tena. Nikamwambia hata nikifa asije. Watu wote wanasikia. Na yeye hakunijibu kitu."

Shangazi akaichukua simu ya duka juu ya meza ya bosi, hakuomba ruhusa, akatafuta namba iliyopiga Jumatatu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ikapokelewa, akampa.

"Kaka," mwanamke akasema. "Usikate."