Aliyeniomba Nimtue

Sikusimuliwa jambo hili na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu na bila homa. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimefundisha jiografia karibu maisha yangu yote, na mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa "watu wanasema" nilimwambia akae chini. Nisikilize basi kama unavyomsikiliza shahidi.

Tangu mke wangu afariki, nyumba yangu ya mtaa wa Chemchem, mjini Tabora, imekuwa na ukimya usiovumilika, nami nikazoea kuukimbia kwa miguu. Kiangazi kilichopita nilipanda gari alfajiri hadi Igalula, nikaanza kurudi Tabora kwa njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Kuna mahali njia hiyo hupanda majabali na kufuata ukingo wake. Mkono wa kushoto ni genge, na chini yake mbuga pana, iliyokuwa imechomwa moto, nyeusi tupu. Tangu asubuhi sikuwa nimekutana na mtu yeyote. Michembe yangu ya viazi vikavu niliila peke yangu, nikizungumza na marehemu, jambo ambalo nyumbani sithubutu.

Alasiri nikamwona mwanamume akinijia. Kwa sura alikuwa kijana. Alitembea ameinama upande mmoja, mkono ameuinua begani kana kwamba anashikilia kitu. Hakuwa na kitu. Akasimama mbele yangu bila salamu.

"Shikamoo huijui, kijana?"

"Kati yetu, Mwalimu, wa kuamkia ni wewe."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine anayegombeza watu porini?" Akacheka, lakini pumzi zikamkatika. "Nitue, tafadhali. Nimechoka."

"Nikutue nini? Huna mzigo."

"Kwenu, mtu akiomba kutuliwa, mnamkagua kwanza?"

Maneno hayo yaliniuma. Sisi tumelelewa hivi: mwenye mzigo akikuomba umtue, unanyoosha mikono, huulizi amebeba nini. Hata hivyo, niamini, sikuinyoosha kwa utu. Niliinyoosha ili nimthibitishie kwamba hapakuwa na kitu.

Je, hewa ina uzito wa kumpigisha mtu magoti? Kitu kirefu, laini, cha baridi, kilishuka mikononi mwangu, kikajipandisha chenyewe begani, nikaanguka. Yule mtu akajinyoosha polepole, mifupa ikilia, machozi yakimtoka.

"Hauwekwi chini," akasema. "Nimejaribu sana. Huondoka tu mwingine anaponyoosha mikono kuupokea. Nami nilifanyiwa hivi hivi. Unisamehe, Mwalimu."

Akashuka gengeni. Nilitambaa hadi ukingoni nimwite arudi. Mbuga yote ilikuwa wazi mbele ya macho yangu, haina hata kichaka, naye hakuwamo.

Niliingia mjini giza limeshatanda, nimeinama kama alivyoinama yeye. Hospitali walinipiga picha, wakasema mifupa haina kasoro. Nalala nao mzigo huo, naamka nao. Binti yangu wa pekee alikuja kutoka Kaliua kuniuguza. Jioni moja alinikuta barazani, mkono uko begani.

"Baba, unashikilia nini hapo? Lete nikupokee," akasema, akanyoosha mikono yote miwili.

Nilimfokea kama sijawahi kumfokea mtoto wa mtu. Nikamwambia aondoke kwangu. Alipanda treni akilia, na mpaka leo hajui kosa lake ni lipi. Simu zake sizipokei, maana anataka kurudi, nami nachelea nitamkubalia. Majirani pia nimewakataza kubisha hodi. Nyumba ile niliyokuwa nikiukimbia ukimya wake, sasa naulinda ukimya huo mwenyewe.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Ukipita njia ya Igalula, au hata mitaa ya Chemchem, ukakuta mtu ameinama na mikono yake mitupu, akikuomba umtue, pita. Pita hata kama ni mimi. Nguvu zangu zinapungua, na siku nitakapochoka kabisa nitakuomba kwa sauti ya upole na kwa hoja ambazo hutaweza kuzipinga. Kushawishi watu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Usinyooshe mikono.